Baiskeli Katika Theluji: Uhakiki wa Istilahi za Tafsiri Moja

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi, kwa desturi, huanzia kwenye vitu tulivyo navyo. Tumepata istilahi za bunge, za benki, za posta, za kilimo na za ufundi wa magari kwa sababu mambo hayo yamo miongoni mwetu na watu hawana budi kuyataja kila siku. Makala haya yanahusu jambo lisilokuwemo miongoni mwa wengi wetu, nalo ni mavazi na zana za mtu anayeendesha baiskeli nje wakati maji yameganda barabarani. Huenda msomaji akauliza Kiswahili kina haja gani na jambo hilo. Jibu ni kwamba lugha husafiri na wenyewe. Katika miaka ya karibuni familia nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili, hasa kutoka mashariki ya Kongo, zimehamia Ufini, Norwei, Uswidi, Kanada na Marekani. Huko hupewa vijitabu vya maelekezo vilivyofasiriwa kwa lugha yetu, na baadhi ya maelekezo hayo yanahusu namna ya kwenda shuleni au kazini kwa baiskeli wakati wa baridi.

Wala kuendesha baiskeli katika baridi hiyo si mchezo wa watu wachache. Mji wa Oulu uliopo Ufini, karibu na nyuzi 65 za latitudo ya kaskazini, unajulikana kwa jambo hilo: njia za baiskeli husafishwa theluji, na watoto huenda shuleni kwa baiskeli majira yote ya mwaka. Mwaka 2013 mji huo ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya uendeshaji wa baiskeli wakati wa baridi, na mwaka uliofuata mkutano huo ulifanyika Winnipeg, Kanada. Mtu aliyezaliwa Bukavu au Kigoma akihamia mji wa namna hiyo, hana budi kujifunza mambo hayo, na atajifunza kwa maneno atakayopewa.

Tafsiri tunayoihakiki hapa ni kijitabu kimoja cha aina hiyo. Hatutaji ofisi iliyokitoa wala aliyekifasiri, maana udhaifu tutakaouonyesha si wake peke yake. Tumeukuta katika kazi nyingine nyingi. Kipimo chetu ni kimoja: je, msomaji atakayelielewa neno kama lilivyoandikwa, atatenda lile lililokusudiwa? Katika fasihi neno lisilofaa huharibu ladha. Katika maelekezo ya namna hii neno lisilofaa laweza kumpotezea mtu vidole.

Majina ya baridi

Tuanze na hali ya hewa yenyewe. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na weupe uliokuwa kileleni. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, alijibiwa kuwa ni baridi. Kiongozi yule hakukosea. Alikitaja kitu kwa tabia yake iliyo kubwa kuliko zote. Lakini jibu lile linatuonyesha kazi iliyo mbele ya mfasiri, kwa sababu neno moja la baridi halitoshi kwa mtu ambaye atapita juu ya kitu hicho kwa magurudumu mawili.

Kijitabu chetu kimetumia neno barafu kwa kila kitu kilichoganda. Hili ni kosa lisilo na udhuru, maana kamusi zetu zimekwisha kutenganisha theluji na barafu. Theluji tumeipata kutoka Kiarabu. Barafu asili yake ni Kiajemi, na ajabu ni kwamba katika lugha hiyo neno hilo lina maana ya theluji; lakini sisi tumelitumia kwa maji yaliyoganda yakawa magumu, na maana hiyo imekwisha kukaa. Basi kijitabu kinaposema, "Usiendeshe baiskeli juu ya barafu," huku kikiwa kinaita barafu hata theluji kavu iliyoshindiliwa njiani, msomaji mtiifu atakaa ndani tangu Novemba hadi Aprili. Ukweli ni kwamba theluji kavu iliyoshindiliwa hushikwa na tairi vizuri kiasi. Kinachomwangusha mtu ni barafu.

Tena ipo barafu nyembamba inayotanda juu ya lami ikawa haionekani, kwa kuwa macho hupenya na kuiona lami iliyo chini yake. Mfasiri ameiita "barafu nyeusi", kwa kufuata lugha aliyofasiri kutoka kwayo. Msomaji atatafuta kitu cheusi barabarani, hatakiona, naye ataanguka. Sisi tunapendekeza utando wa barafu. Utando ni neno letu la tangu zamani kwa kitu chembamba kinachofunika kingine, na lenyewe linamwonya mtu kwamba kitu hicho ni chembamba mno. Kadhalika theluji iliyochanganyika na maji na chumvi ya barabarani ikawa kama uji, mfasiri ameiita "theluji chafu". Uchafu si jambo linalohusika hapa. Jambo ni kwamba hulowesha miguu na kujaa chini ya madigadi. Yafaa iitwe rojo la theluji.

Kwa ule weupe mwembamba wa alfajiri unaokaa juu ya majani na juu ya kiti cha baiskeli, kamusi zetu zina maneno jalidi na sakitu. Wala maneno hayo si ya ng'ambo tu. Wakulima wa Makete na wa uwanda wa Kitulo wanaijua jalidi inayounguza mazao yao mwezi Juni na Julai, na wakulima wa chai wa nyanda za juu za Kenya wanaijua hasara yake. Mfasiri aliyeandika "umande ulioganda" hakukosea maana, ila ameacha akiba iliyomo ghalani mwake.

Neno kipupwe nalo limetumiwa kwa majira yote ya baridi ya Ufini. Kipupwe ni msimu wetu wa kati ya Juni na Agosti, na mkazi wa Dar es Salaam hujifunika shuka tu wakati huo. Majira ya baridi ya Oulu huwa kati ya Desemba na Februari, na siku zenye nyuzi 20 chini ya sifuri si za ajabu. Kuyaita kipupwe ni kumpotosha msomaji kwa miezi sita na kwa nyuzi arobaini. Tuseme majira ya baridi kali, tutaje na miezi.

Hapa inafaa tumsifu mfasiri kwa jambo moja. Ameandika kila mahali "nyuzi 10 chini ya sifuri" badala ya kuweka alama ya kutoa, ambayo katika uchapaji duni hupotea kwa urahisi. Hata hivyo, ameandika pia "baridi ikizidi nyuzi 10", na hapo haijulikani kama anataja juu ya sifuri au chini yake. Neno la kupimwa liwe joto, na kitendo chake kiwe kushuka: joto likishuka chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri, vaa hivi na hivi.

Mwisho wa sehemu hii ni ile baridi inayoongezwa na upepo. Kijitabu kinaiita "ubaridi wa upepo", kana kwamba upepo una baridi yake mbali na ile ya hewa. Sivyo. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri hubaki hivyo iwe imetulia au inavuma. Lakini inapovuma kwa kilomita 20 kwa saa, uso ulio wazi hupoteza joto upesi kama ule ulio katika hewa tulivu ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ndivyo yanavyoonyesha majedwali yanayotumika Kanada na Marekani tangu mwaka 2001. Mwendesha baiskeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe kwa mwendo wake, hata siku isiyotikisika jani. Kwa sababu hiyo tunapendekeza baridi ihisiwayo, ili ipambanuliwe na joto la hewa lisomwalo katika kipimajoto.

Mavazi

Shauri kubwa la wajuzi wa baridi ni kwamba mtu asivae vazi moja zito, bali avae mavazi mepesi matatu, moja juu ya jingine, aweze kuvua na kuvaa. Mfasiri ameandika, "Vaa tabaka tatu." Neno tabaka lina haki yake katika jiolojia na katika elimu ya siasa, lakini hakuna Mswahili avaaye tabaka. Tunapandanisha nguo. "Pandanisha nguo tatu" ni sentensi ambayo hata mtoto ataitii. Nguo hizo zaweza kuitwa nguo ya mwilini, nguo ya kati na nguo ya nje. Mfasiri ameiita ya kwanza "nguo ya ndani", na hilo limeleta utata usio wa lazima, kwa kuwa nguo ya ndani inajulikana ni ipi, nayo haifiki viwikoni.

Kosa kubwa kuliko yote katika sehemu hii limo katika kueleza kazi ya nguo ya mwilini. Mwendesha baiskeli hutoka jasho hata katika baridi kali, na jasho likibaki kwenye ngozi humpoza atakaposimama, kwa sababu maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Nguo ya mwilini hupaswa kuliondoa jasho katika ngozi na kulipeleka nje. Mfasiri ameandika "nguo inayofyonza jasho". Basi tujiulize: ni kitambaa gani kinachofyonza jasho kuliko vyote tunavyovijua? Ni pamba. Msomaji atavaa fulana ya pamba, nayo italifyonza jasho lake na kukaa nalo, na akisimama kwenye taa za barabarani atatetemeka. Maelekezo yaliyokusudia kumkataza pamba yamemwelekeza kwenye pamba. Tumefikiri juu ya neno utambi, maana kila aliyewasha kibatari ameona jinsi mafuta yanavyopanda katika utambi bila kusukumwa, na ndivyo kitambaa hiki kifanyavyo. Lakini mfano huo wafaa zaidi darasani kuliko katika lebo ya nguo. Tunapendekeza nguo ipitishayo jasho, na mwalimu atumie utambi kueleza.

Kwa upande wa malighafi, kijitabu kinasifu "nguo za sufi". Herufi moja imeharibu shauri zima. Sufi ni zao la msufi, linalojazwa katika mito na magodoro. Sufu ni manyoya ya kondoo, ambayo huweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kuwa amelowa. Tunajua kwamba katika matamshi ya watu wengi maneno haya mawili huingiliana. Kwa hiyo yafaa kuandika sufu ya kondoo kila inapotajwa kwa mara ya kwanza. Kuna pia kitambaa chenye manyoyamanyoya kinachotengenezwa kwa nyuzi za poliesta, ambacho kilianza kutengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Mfasiri amekiita "ngozi ya kondoo", na kondoo hamo kabisa. Hapa kutohoa ni bora kuliko kutafsiri: tuseme flisi, neno ambalo wauzaji wa mitumba wanaweza kulizoea bila taabu.

Nguo ya nje ina kazi mbili zinazopingana. Huzuia upepo na mvua visiingie, na huruhusu unyevu wa mwili utoke. Kijitabu kinasema, "Nunua koti lisilopenya maji na linalopumua." Kwanza, sarufi. Kinachopenya ni maji, si koti. Kwa hiyo ni koti lisilopenyeka maji, au kwa urahisi zaidi, lisilopitisha maji. Pili, nguo haipumui. Tumeona wafasiri wengine wakijaribu kuponya neno hilo kwa kusema "linalopitisha hewa", na dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa, kwa sababu koti linalopitisha hewa ndilo lile lisilofaa katika upepo. Kinachopita ni mvuke. Basi na tuseme koti lisilopitisha maji na lipitishalo mvuke. Mwalimu wa fizikia ataona kwamba istilahi hiyo inabeba ndani yake maelezo ya jinsi kitu kinavyofanya kazi: maji yakiwa matone hayawezi kupita katika vitundu vile vidogo, yakiwa mvuke hupita.

Kichwani, mfasiri ameandika, "Vaa kofia chini ya kofia ya chuma." Kofia za waendesha baiskeli hazina chuma, ni plastiki na povu gumu. Neno helmeti limekwisha kuenea kwa waendesha pikipiki, na halina haja ya kupingwa. Ama kofia ya kufuma inayofunika masikio, Tanzania tunayo mzula na Kenya wanayo boshori. Wapagazi na viongozi wa Kilimanjaro huivaa kila siku wapandapo. Ilikuwa yafaa maneno yote mawili yaandikwe, likiwemo la upande wa pili wa mpaka, maana hatujui kijitabu kitaangukia mikononi mwa nani. Kwa uso, neno barakoa lina bahati. Zamani lilitumika kwa vazi la uso la wanawake wa pwani na wa Omani, na tangu mwaka 2020 hakuna asiyelijua. Barakoa ya baridi inatosha.

Tumefika mikononi, na hapa tunawaomba wasomaji watulie. Katika baridi kali glavu yenye vidole vitano haifai sana, kwa sababu kila kidole hukaa peke yake na kupoa peke yake. Inayofaa zaidi ni ile ambayo vidole vinne hukaa pamoja na gumba likakaa kando. Kijitabu kinaiita "glavu isiyo na vidole". Lakini glavu isiyo na vidole, kwa Kiswahili cha kila siku, ni ile iliyokatwa vidole, inayovaliwa na wanyanyua vyuma na makondakta, ambayo huacha vidole wazi. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa afunike vidole vyake amesomeshwa kuviacha nje katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Tunapendekeza glavu ya kifuko, kwa kuwa vidole hukaa kama vilivyo ndani ya mfuko. Ile ya aina ya tatu, yenye vyumba viwili vya vidole viwiliviwili, ili mkono uweze kukamata breki, yaweza kuitwa glavu ya vyumba viwili. Na yale mavazi makubwa yanayofungwa kwenye usukani wenyewe, mtu akaingiza mikono ndani na kushika breki humo humo, tuyaite mifuko ya usukani.

Baiskeli na zana zake

Katika baiskeli mfasiri alikuwa na msaada mkubwa, lakini hakuutumia. Mafundi wetu wa chini ya miembe hawakulingoja baraza lolote: wana madigadi, keria, friwili, spoki, rimu na dinamo. Msomaji anayajua. Kijitabu badala yake kinasema "vizuia matope" na "kibebeo cha nyuma", maneno ambayo si makosa ila hayana mwenyewe. Kanuni yetu iwe kwamba istilahi iliyokwisha kuota mizizi karakanani haing'olewi ili kupanda nyingine, isipokuwa pale ile ya kwanza inapopotosha.

Kwa tairi la majira ya baridi, lenye vipande vidogo vya metali ngumu vinavyochomoza ili kushika barafu, kijitabu kinasema "tairi lenye misumari". Kwa kila aliyewahi kusukuma baiskeli kwa miguu hadi kwa fundi, tairi lenye misumari ni tairi lililopata pancha. Lugha yetu ina neno zuri kabisa: njumu. Asili yake ni kazi ya kutia madini katika mbao au katika vyombo, na leo watazamaji wa kandanda hulitumia kwa viatu vya mchezo huo vyenye meno chini. Maana zote mbili zinaungana hapa, kwa kuwa metali imepachikwa na imechomoza. Basi ni tairi la njumu.

Juu ya mwanga, katikati ya Desemba jua huonekana Oulu kwa muda wa saa tatu na nusu hivi tu, na hutua muda mfupi baada ya saa 8 mchana. Kijitabu kinasema, "Jua hutua saa 2 mchana, washa taa." Mfasiri ameihamisha saa bila kuifasiri. Katika hesabu yetu hakuna saa 2 mchana. Msomaji atafikiri pengine ni saa 2 usiku, na atapanda baiskeli gizani bila taa kwa saa sita. Kwa kuwa wasomaji watakuwa wakiishi kwa saa za nchi ile, ingefaa kuandika namna zote mbili, saa 8 mchana, yaani 14:00.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni la tahadhari kwa wote wanaodhani kuwa usanifu wa lugha humaliza tofauti zake. Kijitabu kina sura iitwayo "Vifaa vya Kinga", yaani helmeti, miwani, taa na reflekta. Kwa msomaji wa Tanga au Mombasa sura hiyo ni wazi. Lakini katika Kiswahili cha Kongo, kinga ni baiskeli, na Warundi nao wana neno la asili hiyo hiyo. Msomaji wa Bukavu atakapoona "vifaa vya kinga" ataelewa kuwa ni vipuri vya baiskeli, na atairuka sura ya helmeti kwa kuwa baiskeli yake haina ubovu. Dawa yake ni ndogo: tumia kitenzi. Vifaa vya kujikinga havichanganyiki na baiskeli yoyote.

Mwili

Tumeiweka sehemu hii mwisho kwa sababu ndiyo iliyo nzito. Baridi kali humdhuru mtu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ngozi na nyama ya chini yake kuganda, hasa vidoleni, masikioni na puani. Mfasiri ameiita "ganzi ya baridi". Ni kweli kwamba ganzi hutangulia, lakini kila mtu wetu anajua ganzi ni nini na afanyeje: hujisugua, hukunjua viungo, nayo huondoka. Ngozi iliyoganda haisuguliwi kamwe, kwa maana kusugua hupasua nyama iliyo na chembe za barafu ndani yake. Hupashwa joto kwa maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37 hadi 39, na tena pale tu ambapo hakuna hatari ya kuganda upya, huku mgonjwa akipelekwa kwa tabibu. Neno ganzi limebeba ndani yake tiba iliyo kinyume na tiba inayotakiwa. Sentensi ya kukataza kusugua imo katika kijitabu, kurasa mbili mbele, lakini msomaji aliyekwisha kuitambua ganzi yake hatakuwa na haja ya kufika huko.

Wengine wamependekeza "kuumwa na baridi". Hilo nalo halifai, maana kuumwa ni kuugua, na mtu aumwaye kwa sababu ya baridi ni mwenye mafua. Sisi tunapendekeza jeraha la baridi, kwa mfano wa jeraha la moto. Faida yake ni kwamba jeraha hutuza mtu heshima: halisuguliwi, halitiwi vidole, hupelekwa hospitali. Istilahi yenyewe inatoa nusu ya maelekezo.

Dhara la pili ni mwili mzima kupoteza joto hadi likashuka chini ya nyuzi 35, ilhali la kawaida ni 37 hivi. Mtu hutetemeka, husema maneno yasiyoeleweka, kisha hata kutetemeka hukoma. Kijitabu kinaita hali hii "homa ya baridi". Mtu aliyekulia penye malaria akisikia homa na kutetemeka, akili yake haiendi pengine: atameza dawa ya malaria na kujilaza. Homa ni joto kupanda. Hili ni joto kushuka. Tulifikiri juu ya kupoa kwa mwili, lakini kupoa kwa watu wengi ni kupata nafuu, nalo ni neno la faraja mahali pasipo faraja. Liandikwe kwa uwazi: kushuka kwa joto la mwili. Ni refu, lakini urefu si dhambi katika jambo la uhai.

Katika sehemu hii hii mfasiri ametoa sentensi tunayoiona kuwa bora katika kijitabu chote: "Ukitoka mlangoni ukasikia joto, umevaa kupita kiasi, ukisikia baridi kidogo dakika kumi za kwanza, umevaa sawasawa." Hakuna istilahi hata moja ndani yake. Hakuandika "kuwa baridi", aliandika kusikia baridi, kama tusemavyo nyumbani. Ni dhahiri kwamba pale alipolisahau neno la lugha ya kwanza na kumkumbuka mtu, Kiswahili chake kilikuja chenyewe.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunaleta mbele ya wasomaji istilahi zifuatazo ili zijadiliwe:

utando wa barafu: barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami
rojo la theluji: theluji iliyochanganyika na maji
jalidi, sakitu: umande ulioganda ukawa mweupe
baridi ihisiwayo: baridi kama mwili unavyoipata, upepo ukiwemo
kupandanisha nguo: kuvaa nguo nyepesi moja juu ya nyingine
nguo ipitishayo jasho: nguo ya mwilini isiyokaa na jasho
koti lipitishalo mvuke: koti linalozuia maji na upepo, likiruhusu mvuke wa mwili utoke
flisi: kitambaa cha poliesta chenye manyoyamanyoya
glavu ya kifuko: glavu iwekayo vidole vinne pamoja
mifuko ya usukani: vifuniko vya mikono vilivyofungwa kwenye usukani
tairi la njumu: tairi lenye metali zilizochomoza kushika barafu
jeraha la baridi: kuganda kwa ngozi na nyama ya chini yake
kushuka kwa joto la mwili: joto la mwili kuwa chini ya nyuzi 35

Hitimisho

Tukiyatazama makosa tuliyoyataja, tutaona kwamba machache sana yametokana na upungufu wa Kiswahili. Theluji, utando, njumu, sufu, mzula na jeraha ni maneno yetu ya siku nyingi. Kilichokosekana ni mfasiri kusimama mahali pa msomaji na kuuliza: nikiambiwa hivi, nitafanya nini? Tunashauri kwamba kila tafsiri ya maelekezo isomwe kwa sauti mbele ya watu wawili au watatu wa sehemu mbalimbali, akiwemo wa Kongo pale inapowahusu, nao waombwe waonyeshe kwa vitendo walivyoelewa. Atakayejisugua vidole, au atakayeleta glavu iliyokatwa, atakuwa amemwonyesha mhariri kosa ambalo kamusi isingemwonyesha.

Walimu wa fizikia na wa sayansi ya afya tunawaomba wazijaribu istilahi hizi darasani, hasa zile za mvuke na za baridi ihisiwayo. Wafasiri na watumishi wa ofisi wenye maneno bora kuliko haya watuletee, pamoja na sentensi zinazoonyesha matumizi yake.